Mkunazi wa Bwana Sefu

Siku yangu ya kwanza redioni, Mkuu wa Vipindi alinikabidhi rundo la mashairi ya wasikilizaji na onyo moja. "Likichechemea lirudishe kwa mwenyewe, hata akiwa shemeji yangu." Shairi huchechemea likipungukiwa na mizani, zile silabi nane zinazotakiwa kila upande wa mstari. Nilikuwa na sikio kali, na ulimi mkali zaidi. Nilirudisha mengi, likiwamo la shemeji yake.

Nyinyi mnaoanza leo mnaletewa mashairi kwa simu, lakini kazi ni ileile. Utamu wake ni malumbano: mtu akikutupia shairi, wamjibu kwa vina vyake mwenyewe, na asiyejibu ndiye aliyeshindwa. Mimi sikuwahi kushindwa, na nilijivuna kwa hilo mpaka wenzangu wakachoka kunisikia.

Nikikaribia kustaafu, Bwana Sefu, mfanyabiashara wa vitambaa wa ukoo wa zamani hapa Kisauni, alitangaza kwamba ataukata mkunazi uliokuwa kiwanjani pake ajenge vyumba vya kupangisha. Majani ya mti ule ndiyo mtaa mzima tuliyochuma kuoshea maiti wetu. Ya kumwoshea mama yangu niliyachuma mwenyewe. Miba ikanichoma, nikashukuru kupata kisingizio cha kulia. Niliposikia habari za shoka, niliumia kana kwamba wanamzika tena.

Ningekwenda kumsihi, angeninywesha chai kisha akaukata. Basi nikamtupia shairi hewani, likaishia hivi:

Mkunazi una nini, hata uupige shoka?

Kipindi hakijaisha, simu ikalia. "Bi Amina, wanitukana redioni?"

"Sikukutukana, bwana. Nimekuuliza."

"Basi ngoja nikujibu. Wallahi, watu wasije wakasema Sefu alishindwa na maneno, akakimbilia shoka."

Juma lililofuata jibu likaja:

Una miba na majani, nyumba ndiyo naitaka.

Nikajibu, naye akajibu. Vibarua wake wakaambiwa wangoje, maana kuukata mti malumbano hayajaisha kungekuwa ni kukimbia. Mkuu wa Vipindi wa wakati huo, kijana aliyekuwa akitamani kukigeuza kipindi changu kiwe cha muziki, akaona wasikilizaji wanavyozidi. "Mama, hayo mambo usiyamalize upesi," akaniambia. Nami sikuwa na haraka. Tulilumbana mpaka nikastaafu, na baada ya hapo tukaendelea kwa simu, akinirekodia beti huku akikohoa katikati na kuomba radhi. Alikuwa mkaidi ajabu, yule mzee, nami nilimpenda.

Mwaka jana alifariki, akaoshwa kwa majani ya mkunazi uleule. Siku chache kabla alikuwa amenitumia ubeti, na mstari wake wa mwisho ni huu:

Nikilazwa mchangani, jawabu nitalitaka.

Baada ya hitima, mwanawe mkubwa alikuja nyumbani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Baba katuusia tusiuguse mti mpaka umjibu. Nasi vyumba twavitaka. Utamjibu lini?"

"Natafuta vina."

Vina ninavyo. Jawabu nililitunga siku ileile ubeti ulipofika, kabla chai yangu haijapoa, na kwa haki ya Mungu ni zuri kuliko yote niliyosoma redioni. Kila mara lanijia mdomoni, nami nalimeza. Sijaliandika popote, wala sitamwambia mtu. Nikifa, hakuna mwingine anayepaswa kulijibu shairi la Bwana Sefu, na wasia wa baba si jambo la kuchezea katika nyumba ile.

Nikipita barazani, vijana wanaokunywa kahawa hunitania. "Malenga! Mzee Sefu amekuweza!" Zamani ningewanyamazisha palepale kwa ubeti mmoja. Sasa nacheka, moyo mweupe kabisa.

"Kanishinda, wanangu," nawaambia. "Kanishinda vibaya."