Jina Lililo Kwenye Pasipoti Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu, ingawa ukisoma hadi mwisho utaona kwamba hata mimi sijui utaficha lipi.

Nina miaka ishirini na tatu, sijaolewa, naishi Kitengela na mama yangu ambaye ni mjane. Mwaka huu wa 2009 nimemaliza chuo Nairobi, diploma ya kubuni vitambaa, na nimepata nafasi ya mafunzo ya kazi Uholanzi kwa mwaka mmoja. Viza imetoka. Ndege ni wiki mbili kutoka leo. Saa hii ningekuwa naringa mtaa mzima, lakini sitoki hata nje ya mlango.

Shida ilianza mwaka wa 2000, ule wa ukame. Sisi ni watu wa Kisaju. Marehemu baba alihama na ng'ombe kutafuta nyasi nasi tukamfuata, kwa hivyo wanafunzi wa darasa la nane walipoandikishwa kwa mtihani, mimi sikuwepo. Niliporudi muhula wa pili nikaambiwa nimechelewa, ningoje mwaka ujao. Binamu yangu, binti wa baba mkubwa, alikuwa ameandikishwa. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, baba yake akamwoza. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mimi sikuambiwa chochote. Nilienda kwao kuazima kitabu nikakuta ameshapelekwa.

Shule zilipofunguliwa mwalimu mkuu aliniita ofisini. "Nambari ya huyu msichana haiwezi kukaa bure," akasema. "Wewe uko na kichwa. Fanya mtihani na jina lake, halafu tutarekebisha."

Nilifurahi, siwafichi. Mwenzangu alikuwa analia kwa watu asiowajua, na mimi nachonga penseli.

Hakuna aliyerekebisha. Barua ya sekondari ilikuja kwa jina lake, nikaenda. Nilipofika umri wa kitambulisho, baba mkubwa alinipa kadi ya ubatizo ya binti yake, akanisindikiza mwenyewe kwa chifu, akasema mimi ndiye huyo binti. Vyeti, diploma, pasipoti, vyote vina jina la binamu. Jina langu lilibaki kwa mama na watu wachache wa nyumbani. Nami, kila mchoro niliofanya chuoni, nyuma yake niliandika jina langu kwa penseli, herufi ndogo ndogo, pale ambapo mwalimu hakuweza kuona.

Na binamu hakuwahi kunichukia. Alikuja kwa mahafali yangu, mtoto mgongoni. Jina liliposomwa, alisimama. Alisimama wima kabisa, maana ameitwa, mpaka mama akamvuta shuka akaketi. Watu walicheka na yeye akacheka. Mimi nilipanda jukwaani nikachukua diploma.

Wiki jana alikuja kwetu mchana. Ameachana na yule mume, na anataka kurudi shule afanye ule mtihani wa darasa la nane. Alikuwa ametoka ofisi ya usajili Kajiado kutafuta kitambulisho. Karani alimwambia mtu wa jina hilo, wa baba huyo, tayari anacho, na akirudi tena na uongo wake atashikwa. Alinieleza hayo taratibu, kikombe mkononi, bila kupandisha sauti.

"Sikukuja kugombana," akasema. "Ulisoma ukapita, hiyo ni akili yako. Lakini mimi niko na watoto wawili na hakuna karatasi inasema mimi ni nani. Twende Kajiado pamoja useme ukweli, kabla uende."

"Nikisema, siendi popote," nikamwambia. "Na baba yako atashikwa. Mwalimu pia. Hata mimi."

"Najua."

"Si ungoje nirudi? Ni mwaka mmoja tu."

"Nimengoja tisa."

Mama alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Akaja akasimama mlangoni, akamwambia binamu, "Si basi uchukue jina la huyu? Limekaa tu, halina kazi. Nitaenda na wewe kwa chifu niseme wewe ndiye msichana wangu."

Binamu akaniangalia. "Akinipea, nitachukua."

Jamani, nilipaswa kusema ndiyo. Hakuna mtu angeshikwa, ningesafiri, naye angesoma. Jina lenyewe silitumii tangu nilipokuwa mtoto. Lakini nilisikia wivu mkali mpaka nikashangaa, na kabla sijafikiri nikasikia sauti yangu ikisema, "Hapana. Hilo ni langu."

Binamu aliweka kikombe chini, akafunga shuka lake vizuri.

"Sasa umejua vile mimi husikia," akasema. Kisha akaniambia kwamba Jumatatu hii inayokuja, asubuhi, atakuwa nje ya ofisi ya Kajiado. Hatanishtaki kwa yeyote. Ataningoja tu.

Tangu siku hiyo sina amani. Baba mkubwa amenipigia simu akasema nifunge mdomo nipande ndege, mambo ya wanawake yataisha yenyewe. Rafiki yangu wa chuo anasema nitamsaidia vizuri nikiwa huko ng'ambo. Nimepanga sanduku mara tatu na kulipangua mara tatu, na naona aibu kwamba nililia kwa ajili ya safari kabla ya kumlilia binamu.

Nisipoenda Jumatatu, nitapanda ndege nikiwa yeye, naye atabaki Kisaju bila kuwa mtu. Nikienda, kila nilichosomea kitaishia pale kwa karani. Nikimpa langu, sijui nitamwangaliaje mama akimwita kwa jina hilo na mimi niko pale.

Ninyi mnaosoma, hata wenye kunitukana mnitukane, lakini mnijibu kabla ya Jumapili. Niende Kajiado, au niende Uholanzi?

Na Admin, usisahau kuficha. Majina yote mawili.