Hakuna Fungu la Kusubiri

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka silali, wala si kwa uzee. Ni hasira. Waliosema hasira hasara walisema kweli, lakini ipo hasira nyingine ukiizika, umezika na haki pamoja nayo. Hii yangu nimekataa kuizika.

Kijiji chetu kiko ziwani, ukitoka Kigoma kwa boti ukaipita Mwamgongo kuelekea kaskazini. Nyumba ziko chini mchangani, na kilima kimetuinamia kwa juu. Ilikuwa miaka ile watu wa Burundi walipokuwa wakivuka kukimbia vita. Wengi walipelekwa makambini, wachache wakabaki kwa ndugu zao, maana sisi Waha na Warundi tumeoleana tangu zamani. Mmoja wa waliobaki alikuwa Mama Dafroza, mjane mwenye watoto wadogo. Shemeji yake alimpa kipande cha shamba kule juu kilimani, akawa analima mihogo na maharage.

Masika moja kilima kilishuka. Mvua ilianza asubuhi, na kabla ya adhuhuri tope na mawe vilifuata mkondo wa mto vikazoa nyumba za upande wa pili, pamoja na mama mmoja aliyekuwa na kichanga mgongoni. Tuliwazika siku ileile. Kesho yake mkutano wa kijiji ukaitishwa, na neno la kwanza kusemwa, badala ya pole, likawa kwamba wakimbizi ndio waliomaliza miti.

Shangazi yangu Mwajuma alisimama. Aliishi kwa kuanika dagaa, na mikutano hakuipenda hata kidogo.

"Mkaa uliojaza boti za kwenda Kigoma tangu mimi ni msichana," akasema, "ulichomwa na mkimbizi gani? Nyani haoni kundule."

Watu wakatazama chini. Baada ya hapo ndipo tulipokaa tukapanga, na tulipanga vizuri; nasema hivyo kwa kuwa nilikuwa ndani ya kamati. Mashamba ya juu kabisa yapumzike mpaka miti ijiotee yenyewe. Katikati tuchimbe makinga maji na kupanda majani marefu kwenye kingo zake. Pale mto unapoingia ziwani, matete yasikatwe tena, kwa sababu huvunja nguvu ya maji, na samaki huzalia humo. Haikuwa elimu ya ajabu. Gumu lilikuwa moja tu: wenye mashamba ya juu watakula nini kilima kikiwa kimepumzika?

Walikuwa watu wachache, maskini wa maskini. Wa kwanza kukubali alikuwa Mama Dafroza. Kijiji kilimwahidi kwamba fedha za mradi wa mazingira tuliosikia unakuja zikifika atapata chakula, kisha atapewa shamba jingine bondeni. Akang'oa mihogo yake michanga mbele yetu, akatushukuru kwa kumwamini.

Mradi ulikuja kweli. Mtaalamu wao, kijana mpole, aliusoma mpango wetu akausifu. Kisha akatueleza kwamba fedha zilikwisha kugawanywa huko zilikotoka: fungu la miche, fungu la ukuta wa saruji ufukweni, fungu la semina, fungu la bango. Nikamwuliza kuhusu chakula cha wale wanaopumzisha kilima.

"Dada yangu, nakuelewa," akasema. "Lakini hakuna fungu la kusubiri."

Aliyasema kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko tusi. Fikiri, mwanangu. Miti hukua kwa kusubiriwa, na kusubiri ndiko kulikokosa fungu!

Miche ikaletwa kiangazi, eti mwaka wao wa fedha unakwisha. Tuliimwagilia kwa ndoo mpaka mabega yakachubuka, ikakauka vilevile. Ukuta ukajengwa, wageni wakaja kuuzindua, wakala pilau. Mama Dafroza alikuwa miongoni mwa waliopika pilau ile. Ahadi yake hakuna aliyeitaja.

Njaa ilipomzidi, alichukua jembe akarudi kwenye shamba lake. Hakuwa amelima hata tuta moja mgambo walipomshusha. Mwenyekiti wa kijiji akamsimamisha ufukweni mbele ya watu, akamwambia kwamba ni mharibifu wa mazingira, na akirudia atapandishwa boti apelekwe kambini, yeye na wanawe. Hiyo ndiyo siku ninayokuambia. Watu walikuwa wengi pale, na wote tuliijua ahadi.

Shangazi aliacha dagaa wake mchangani, na mawingu yameshatanda.

"Mwenyekiti, huyu ndiye aliyetoa shamba lake ili wewe ulale mvua ikinyesha," akasema. "Umemlipa nini?"

Wala hakungoja jibu. Alipita nyumba kwa nyumba akisema kila anayelala chini ya kilima amlishe anayekipumzisha. Mimi nilibeba kikapu. Huyu alitoa dagaa, yule mawese, mwingine unga. Wapo waliotufungia mlango, na majina yao ninayo mpaka leo.

Tulipomfikishia, Mama Dafroza alikitazama kikapu bila kukigusa.

"Ni sadaka?" akauliza.

"Si sadaka," Shangazi akamjibu. "Ni ujira."

Ndipo akapokea, akasema, "Urakoze cane," yaani asante sana kwa kwao.

Tuliendelea hivyo misimu mingi, mingine kwa shida. Familia mbili zilichoka zikarudi kulima, na upande wao unaporomoka hadi leo. Upande wa Mama Dafroza miti ilijiotea, na tope halijashuka tena. Ziwa lilipojaa liliuchimba ule ukuta kwa chini, ukalala majini. Naye Mama Dafroza, amani iliporudi kwao, alivuka kurudi, bila shamba la bondeni aliloahidiwa. Hilo sijalisamehe, na usinifundishe kulisamehe.

Sasa ninyi ndio mnaokaa kwenye kamati na maofisini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kumwambia mwingine asilime ni rahisi ukiwa umeshiba. Kwa hiyo ukipanga kuponya ardhi, uliza kwanza nani atakosa chakula ili ipone, na riziki yake uitenge kabla ya saruji na kabla ya bango. Ukiambiwa upande kiangazi kwa sababu ya kalenda ya fedha, kataa. Mvua haijawahi kufuata kalenda ya ofisi. Na usikubali mgeni atupiwe makosa ya wenyeji, kisha abebeshwe na gharama ya kuyarekebisha.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, mwanangu. Akupe ulimi usioogopa meza za wakubwa, na wote watakaolala chini ya kilima utakachokitunza, waamke salama.