Mchezo Wetu wa Uani

Nilipoanza kazi ya ualimu, katika skuli ya wasichana iliyofunguliwa karibuni pale Mkoani, sikuwahi kuingia darasani na somo nililolitayarisha peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu. Tulisomea ualimu pamoja Unguja, vitanda vyetu vikiwa ubavu kwa ubavu, na tulipopangiwa kazi Pemba, kwetu sote wawili, tulikumbatiana tukalia. Yeye kwao Wambaa, na wakati ule msichana asingeweza kwenda na kurudi kila siku, basi akakaa nyumbani kwetu. Mama alimtia chumbani kwangu, akawa anatugombeza kwa pamoja, na akituita hukosea majina yetu bila ya kujali.

Kila siku baada ya sala ya Alasiri tulitandika mkeka uani tukafanya mchezo wetu. Mimi huwa mwalimu, yeye mwanafunzi, kisha tunabadilishana. Alikuwa hodari wa kuwa mwanafunzi mgumu. Alikunja miguu, akatia kidole mdomoni, na nikimaliza kueleza alinyoosha mkono na kusema kwa sauti ya kitoto, "Mwalimu, mie sijafahamu."

"Hujafahamu nini?"

"Hayo makonyo uliyowagawia watoto wanne. Je, kama mmoja hayataki?"

Tulihesabia makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, kwa kuwa yalikuwa bure na kila nyumba ilikuwa nayo. Nilicheka mpaka mama akatoa kichwa jikoni. Lakini kesho yake darasani, mtoto kweli aliuliza swali la namna hiyo, na mimi jawabu ninalo. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusomesha. Chuoni nilipata cheti, lakini kazi yenyewe niliijua pale mkekani.

Mwaka wa pili akaja mgeni. Alikuwa mwalimu kutoka mjini Unguja, mkubwa kwetu kidogo, mwembamba, anayevaa buibui lake kama vile limeshonwa kwa ajili yake tu. Alikuwa amesomeshwa zaidi yetu, na kazi aliyopewa ilikuwa kutusaidia sisi walimu. Mwalimu mkuu alitukusanya akatueleza: tokea sasa kila mmoja ataingia darasani kwa mwenziwe, akae nyuma, atazame, kisha waketi wazungumze.

Mwalimu wetu wa kushona, bibi mtu mzima aliyekuwa akisomesha tangu sisi hatujazaliwa, aliguna. "Nitazamwe? Kwani mimi bi harusi?"

Tulicheka sote, na mgeni naye. Halafu akasema kwa upole kwamba ingefaa kila mtu asikae na yule aliyemzoea, kwa sababu waliozoeana hawaambiani. Akanipanga mimi na bibi wa kushona. Mwenzangu akamchukua awe naye mwenyewe.

Sikuona vibaya siku hiyo. Niliona vibaya wiki iliyofuata, wakati wa Alasiri, nilipotandika mkeka nikakaa peke yangu na kuku. Mwenzangu alirudi jua limeshainama, vidole vimejaa chaki, uso umemchangamka.

"Mgeni kanionyesha namna ya kuwagawa watoto vikundi vikundi," alisema hata kabla hajavua viatu. "Wale wanaojua kusoma wanawasomea wale wasiojua. Mie nikizunguka tu!"

"Chai yako imepoa," nilimwambia.

Ikawa ndiyo kawaida. Kila sentensi ilianza na mgeni. Mgeni kasema ubao usijazwe. Mgeni kasema mtoto akikosea asichekwe. Haya yote yalikuwa ya kweli, na mimi nikiyajua, na mengine nilikuwa nimeshamwambia mwenyewe. Lakini yakitoka kwa mgeni yalikuwa mapya. Nilipomwomba tukae mkekani alisema amechoka, wameshatayarisha somo la kesho kule kule skuli. Mimi nilikuwa na bibi wa kushona, ambaye akikaa nyuma ya darasa langu husinzia, na tukiketi kuzungumza huniambia, "Umesomesha vizuri, mwanangu, ila umekonda."

Siku nyingine nilipita makusudi chini ya dirisha la darasa lao baada ya watoto kuondoka. Nilisikia kicheko cha mwenzangu. Nilikijua kicheko kile; ndicho alichokuwa akicheka na mimi mkekani. Niliondoka haraka. Nikajiambia ni upuuzi, watu wawili wanatengeneza kadi za herufi, kuna nini? Lakini usiku nilimsikiliza akipumua kitanda cha pili nikawa nataka kumwamsha nimuulize: anakupa nini ambacho mimi sina?

Zama zile zilikuwa za siasa za vyama. Watu waliokuwa wakila sinia moja waliacha kusalimiana, na harusi zilikosa waalikwa. Majirani walipotuona hatukai tena mkekani pamoja, mmoja akamuuliza mama kwa sauti ndogo kama sisi wawili tuko vyama mbalimbali. Mama akajibu, "Afadhali ingekuwa hivyo." Nilimsikia. Alikuwa ameshafahamu kinachoniuma.

Baadaye ikapangwa kila mwalimu atazame darasa la mgeni mara moja; zamu yangu ilipofika nilikwenda mapema nikakaa nyuma kabisa. Nataka kusema kweli: nilikwenda kutafuta kosa. Nilitarajia Kiswahili chake cha mjini kiwapoteze watoto. Hakikuwapoteza. Kila neno ambalo hawakulijua aliwauliza wao kwao wanalisemaje, akaliandika la kwao kwanza, la kitabuni baadaye. Alimjua kila mtoto kwa jina. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye darasani kwangu hakuwahi kufungua mdomo, na pale alikuwa amesimama akiwasomea wenzake. Nilitazama nikatafuta, na kila nilipotafuta niliona kitu ambacho ningetaka kukifanya mimi.

Halafu watoto wakakwama. Ilikuwa hesabu ya kugawa. Mgeni akaenda kukaa jamvini katikati yao, akakunja miguu, akatia kidole mdomoni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu," alimwambia mtoto aliyekuwa ubaoni, "mie sijafahamu."

Darasa zima likaangua kicheko, na watoto wote wakataka kumweleza. Na mimi kule nyuma nikamwona mwenzangu mkekani. Sauti ilikuwa ile ile. Hata kidole kilikuwa kile kile.

Tulipoketi kuzungumza, mgeni aliniuliza nimeonaje. Nilimwambia somo lilikuwa zuri. Kwa namna alivyonitazama nadhani aliona kuna jambo.

Jioni nilimsubiri mwenzangu mlangoni.

"Umempa mchezo wetu."

"Mchezo gani?"

"Wa uani. Wa kutofahamu."

Alinitazama akishangaa kweli. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba hakuwa akinificha. "Ule? Aliniuliza nimejifunza wapi kuwasikiliza watoto, nikamwonyesha. Kwani ulikuwa wetu peke yetu? Mie nilidhani tunajifunza kusomesha."

"Ulikuwa wetu," nilisema tena.

Alivua buibui, akalikunja polepole. "Shoga yangu, wewe wataka watoto wafahamu, au wewe wanitaka mie tu?"

Nilikwenda kumsaidia mama kukuna nazi, nikakuna mpaka nikajikwaruza kidole. Yeye akaja akakaa upande wa pili, akachukua ungo wa mchele akaanza kuchagua chuya. Tulifanya kazi mpaka Magharibi. Hatukugombana, wala hatukupatana.

Baadaye kidogo walimu wa kisiwa kizima tuliitwa Chake Chake, katika mkutano wa kuonyeshana masomo. Mgeni na mwenzangu ndio waliosomesha mbele yetu, mmoja ubaoni, mwingine jamvini na watoto. Walipokezana bila hata kutazamana, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Mkaguzi wa skuli alipiga makofi. Mwalimu mmoja aliyeketi ubavuni pangu aliniuliza, "Hawa walisoma pamoja?" Nikamwambia hapana, yule mmoja alisoma na mimi.

Kwa ajili ya siku ile mwenzangu alichaguliwa kwenda Wete, awe yeye sasa wa kuwasaidia walimu wa huko. Mama alimfungia mikate ya kumimina na chupa ya samli. Nilimsindikiza garini, nikamshikia mkoba. Aliponiaga aliniambia, "Usiache kuulizwa. Tafuta mwanafunzi mgumu mwingine," na gari likaondoka.

Tukabaki mimi na mgeni. Siku mbili tatu kila mtu alikwenda zake. Ya nne alinikuta ofisini natayarisha somo peke yangu, akavuta kiti.

"Nimemzoea," alisema. Hakumtaja, wala hakuhitaji.

"Na mimi," nikasema.

Akavuta karatasi yangu akaisoma, akanionyesha mahali ambapo nimeeleza mambo mawili kwa mpigo. Alisema kweli. Tulifanya kazi pamoja mpaka alipohamishwa, na mengi ninayoyajua ya kusomesha wanaoanza kusoma nimeyapata kwake. Sikumpenda kama nilivyompenda yule, lakini nilimwamini, na darasani kwangu watoto waliokuwa hawasemi walianza kusema.

Wivu haukuniisha. Mwaka mmoja baadaye alikuja Mkoani mwalimu kijana kutoka Wete, akisubiri meli ya Unguja, akafikia kwetu. Alimsifu sana mwenzangu, namna anavyowakusanya walimu kila Alasiri. Nilimtilia chai, nikamkaribisha mkate, nikajizuia kadiri nilivyoweza, kisha nikamuuliza, "Na yeye mwenyewe, akitayarisha masomo yake, hukaa na nani?"