Namba 412 Bado Iko Chini

Sinywi pombe, sikuwa na homa, na mchana ule nilikuwa nimekula bukari yangu vizuri kabisa. Naanzia hapo kwa sababu najua utaniuliza nini. Kanisani wamenishauri niseme nilisinzia. Sikusinzia, na sitasema nilisinzia ili watu walale vizuri.

Kazi yangu ni kuandika pilote, yaani ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na chipu. Nina chumba hapa Kamalondo, Lubumbashi, na mlangoni pangu anakaa Papa Mwamba, fundi cherehani. Chef, yaani mkubwa, wa ushirika mmoja wa wachimba shaba, kule kaskazini ya mji, alinipa kazi ya masanduku. Mchimbaji akishuka shimoni anagusisha jeto yake, kile kipande cha plastiki chenye namba yake, kwenye sanduku, akipanda anagusisha tena. Sanduku linahesabu walio chini. Hesabu ikifika sifuri, pampu ya hewa inajizima, petroli isiungue bure.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu liko hapa. Ndani ya sanduku kuna chipu moja yenye kazi nne: inachunga betri, inashika saa, inasoma jeto, inahesabu watu. Upande wa betri ulikuwa unagandaganda. Sisi wa Lubumbashi umeme umetufundisha tabia moja: kitu kikiganda, unakizima, unakiwasha, kinatii. Basi niliandika hivyohivyo. Betri ikiganda, zima chipu yote, washa upya. Betri ikapona, nami nikajisifu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua linawaka. Sanduku la kwanza lilikuwa mezani, na Jumatatu chef angekuja kuyachukua yote. Nikasikia, "Jambo, mama."

Kijana, mdogo kwangu, amevaa ovaroli ya turubai ya zamani. Miguu yake ilikuwa na tope bichi, na huu ulikuwa mwezi wa nane, mvua hatujaiona tangu Aprili. Hakungoja nimkaribishe. Alikaa kwenye kiti, akatoa jeto ya chuma, ya zamani, iliyogongwa namba 412, akaigusisha kwenye sanduku. Sanduku likalia, likaandika 1. Niamini, haiwezekani. Sanduku langu halisomi kipande cha chuma, kama vile redio haisomi kijiko.

"Unatoka wapi, ndugu?" nikamuuliza.

"Sijatoka. Miye niko chini bado," akasema. "Balisema nilikimbia. Sikukimbia, mama."

Niligeuka kumchotea maji. Wakati huohuo betri ikaganda, chipu ikajizima, ikajiwasha. Niliporudisha macho, sanduku lilikuwa limeandika 0 na kiti kilikuwa kitupu. Sakafuni hakukuwa na tope hata kidogo. Nikakimbilia mlangoni, na Papa Mwamba alikuwa palepale, miguu yake imeziba njia.

"Hakuna mutu alipita," akasema. "Weye ulikuwa unaongea na nani humo ndani?"

Niliogopa? Niliogopa sana. Lakini nilipoitazama ile sifuri niliogopa kitu kingine. Tuseme watu kumi na wawili wako shimoni na betri inaganda mara moja tu. Hesabu inafutika, pampu inazima, na wao wanabaki chini bila hewa. Pilote yangu ilikuwa imemfuta aliyekwisha kufa. Kuanzia Jumatatu ingefuta wazima.

Jioni nilikwenda kwa mama yangu mzazi nikamweleza. Nilipofika kwenye namba, alinitangulia.

"Quatre cent douze," akasema kwa Kifaransa, mia nne kumi na mbili, akaweka kijiko chini.

Ilikuwa namba ya baba yake. Zamani, kule mgodini alikofanya kazi, posho ya familia ilitolewa kwa namba ya mfanyakazi, na watoto ndio walipanga mstari na kuitaja, kwa hiyo mama alikuwa ameishika tangu utoto. Siku shimo lilipoanguka, wakubwa wa mgodi waliandika kwamba wote walipanda, hakuna aliyebaki chini. Na huyo babu, kambo yangu, kwa kuwa hakuonekana, wakasema alikimbilia Zambia na mwanamke. Nyanya yangu alikufa akiitwa mke aliyeachwa.

"Kumbe hakukimbia," mama akasema. Alilia, akacheka, akalia tena.

Jumatatu chef akaja na gari. Nikamwambia masanduku hayatoki.

"Mama, si yanafanya kazi? Ama unaogopa pepo?"

"Ninaogopa, ndiyo. Lakini hauyapati."

Alinitishia kwamba atatafuta mtu mwingine. Nikamjibu amtafute, na huyo mtu ndiye aende kuwaeleza wake za wachimbaji. Akaondoka amenuna. Mimi nikafuta pilote yangu nikaanza upya. Safari hii kila kazi inaguswa peke yake. Betri ikiugua inatibiwa betri tu, na hakuna anayeruhusiwa kuizima chipu yote wakati kuna mtu chini. Baada ya majuma matatu chef alirudi mwenyewe, akayachukua. Mpaka leo yanafanya kazi.

Yote isipokuwa lile la kwanza. Nilipolitia pilote mpya liliwaka likaandika 1, na hakuna mtu aliyeligusa. Padri anasema niombe kisha nilirudishe kwenye sifuri. Kaka zangu wanasema naleta mkosi nyumbani. Nimewasikia. Sanduku liko ukutani kwangu, na kila Jumapili baada ya misa mama anakuja, analitazama kidogo, anarudi kwake. Walishamwandika kambo yangu mara moja kwamba hayuko chini. Mimi siandiki hivyo.

Wewe unayeandika pilote, popote ulipo, kabla ya kuizima chipu nzima kwa ajili ya kazi moja iliyokuchosha, uliza kwanza nani yuko chini. Na ukipita Kamalondo, karibu kwangu, kaa, kunywa maji. Ila lile sanduku la ukutani usiliguse.