Maua ya Cape Town na Jiko la Jirani

Mama aliyaita maua yangu vitunguu, na hakuwahi kuyapa jina lingine. Asubuhi, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu, angeuliza vitunguu vimeamkaje. Alijua vizuri kwamba ni maua, na kwamba mjukuu wake, binti yangu, ndiye aliyeyaleta yakiwa matunguu makavu kutoka Cape Town alikokuwa akisoma. Alijua pia kwamba mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, sichokozwi nikanyamaza, na kwamba majibu yangu ni marefu.

Kwa hiyo nilimjibu kila siku. Nilimweleza kwamba huko kwao maua haya hupata mvua wakati wa baridi na ukavu wakati wa joto, wala si kama hapa Olasiti, ambapo mvua ina ratiba yake na Mlima Meru unatuongezea ya kwake bila kuombwa. Ndiyo maana niliyapanda kwenye ndoo kuukuu za rangi, ili niweze kuyahamisha. Masika niliyaficha barazani yasilowe, kipupwe nikayamwagilia kwa kikombe, ilimradi yadhani bado yako nyumbani. Yakanipa majani. Majani marefu, membamba, na kusema kweli yalifanana na ya vitunguu. Muuza miche wa Tengeru aliniuzia mbolea ya mbuzi huku akiapa. Mama mmoja wa kwaya akanishauri niongee na maua kwa upole. Kuongea hakukunishinda, upole ndio ulionishinda.

Ningeyang'oa zamani kama si macho ya Mama. Presha ya macho ilikuwa inamla kutokea pembeni, kidogo kidogo, na daktari alituambia wazi kwamba kilichokwenda hakirudi, dawa ya matone inalinda kilichobaki tu. Tayari alikuwa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Nami nilikuwa nimemsimulia mno habari za ua hilo, wekundu wake na vikengele vyake vinavyoinamisha vichwa, mpaka siku moja akasema, "Basi nionyeshe kabla sijafunga duka." Tulicheka wote wawili. Lakini tangu siku ile nikawa naogopa.

Ndipo jirani yangu wa nyuma akafungua banda la nyama choma. Alikuwa Mchaga mwenzangu, mtu wa tumbo na kicheko, na jiko lake alilibandika kwenye uzio wangu kana kwamba tumelichangia. Kuanzia mchana moshi ulivuka kwangu, ukaingia kwenye mapazia, kwenye nguo nilizoanika na kwenye ndoo zangu zilizopangwa pale pale chini ya uzio. Nilipomlalamikia alisema upepo si wake. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Shauri likiwa bado halijasikilizwa, na Mama akiwa Machame kwa kaka yangu, ndoo moja ilitoa kikonyo kitupu kisicho na jani hata moja. Baada ya siku chache kikafungua vikengele vyekundu, vyekundu hasa, vikiangalia chini kama watoto waliokemewa. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya uzio, nami nikamwambia aendelee na mbuzi wake. Nikampigia kaka amlete Mama haraka. Gari la kaka lilikuwa bovu, na wakati akitafuta fundi siku zikaenda. Mama alipofika, ua lilikuwa limeanguka na kukauka kwenye udongo. Nikamwekea picha ya simu mbele ya uso. Aliigeuza huku na huku.

"Naona mwanga wa simu," alisema. "Ua ni lipi?"

Nilikwenda jikoni nikalia.

Nilipotulia nikaisifia mbolea ya mbuzi kwa kila aliyenisikiliza, na mkutano wa mtaa ulipofika nikaenda nimevimba kichwa. Nilisimama nikaongea kama niko darasani. Wakakubaliana, kwa maneno niliyowaandalia mwenyewe, kwamba hakuna mtu atakayewasha moto wa kuni wala kuchoma takataka karibu na uzio wa mwenzake, na kwamba jiko la biashara litakaa mwisho wa kiwanja na bomba refu la kutolea moshi. Niliomba yasomwe tena kwa sauti ili kila mtu asikie.

Jumapili iliyofuata jirani alikuja baada ya ibada akiwa ameshika jani la isale alilolichuma kwenye uzio wetu. Kwetu Wachaga, anayekuja kuomba radhi na isale mkononi hafukuzwi. Hata kama alikuchomea nyumba, unalipokea na mnamaliza. Nililipokea, na sitaficha kwamba nililifurahia kuliko Mkristo anavyopaswa kufurahia. Alihamisha jiko, akajenga bomba, na mapazia yangu yakarudi kunukia sabuni.

Mwaka uliofuata ndoo zangu hazikutoa ua hata moja. Nikaongeza mbolea, nikapata majani ya kujaza sufuria. Binti yangu alipopiga simu nilimlalamikia kwa kirefu, naye akaniuliza kama mwaka ule wa ua kulikuwa na moto wowote uliowaka karibu. Kwa sababu huko Cape Town, alisema, maua hayo hutoka pori likishaungua. Moshi ndio unaoyaamsha. Nikachungulia dirishani, nikaliona bomba refu la jirani likipeleka moshi mbali na ndoo zangu.

Kuwasha moto wangu mwenyewe sikuweza. Kiwanja changu ni kidogo, kila pembe yake iko karibu na uzio wa mtu, na sheria ilikuwa yangu, imesomwa mara mbili. Nilipomweleza Mama alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka.

"Mwanangu, mimi sina mwaka mwingine wa kusubiri," alisema. "Kachume isale."

Nilichuma kwenye uzio ule ule. Nikapakia ndoo kwenye toroli, nikazunguka mpaka mlango wa mbele wa banda, wateja wakiacha kutafuna kunitazama. Hotuba nilikuwa nayo, ina utangulizi na sehemu tatu. Jirani aliliona jani, akafuta mikono kwenye aproni, akalipokea kwa mikono miwili kabla sijamaliza utangulizi.

"Yaishe, mwalimu," alisema. "Sasa niambie, zikae upande gani wa moshi?"

Alizipanga mwenyewe karibu na jiko. Wateja walipouliza kinachopikwa kwenye ndoo za rangi, aliwajibu kwamba ni oda ya bibi, na kwamba inachelewa kuiva. Nami nilipita pale kila siku, mimi niliyekuwa nikiuzibia pua moshi ule ule, nikikagua kama moshi unatosha.

Alasiri moja akanipigia simu akasema nije na bibi. Mama hakuwahi kukaa mahali panapouzwa bia. Alivaa kitenge chake cha kanisani, nikamshika mkono, na banda zima likamwamkia shikamoo. Jirani alimfutia kiti cha plastiki. Nilibeba ndoo nikaisogeza mbele yake, yeye akawa anageuza kichwa taratibu, kushoto, kulia, akilitafuta ua kwa lile tundu lake dogo. Ghafla akainua kiganja nisimame hapo hapo.

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia kwa nini vikengele vinainama, na jinsi pori la huko linavyoungua mpaka likawa jeusi, na kwamba ua hili ndilo la kwanza—

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Naangalia."

Nikanyamaza.