Tangazo la harusi lililoingia kwenye menyu ya hoteli: nilivyoijua include kabla ya web, Malindi miaka ya themanini

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Haya yalinitokea mwenyewe, Malindi, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Sitatia chumvi. Mashahidi wengine wako hai, na wawili watatu wanasoma humu kimya kimya bila kuchangia. Mnajijua.

Kilichonikumbusha ni uzi wa juzi. Kijana mmoja alikuwa analia kwamba website ya mteja wake ina kurasa kibao, na kila namba ya simu ikibadilika inabidi afungue kurasa zote moja moja. Mkuu mmoja akamjibu: tumia server-side include. Andika kile kipande mara moja kwenye faili lake, kisha kila ukurasa uweke mstari huu:

<!--#include virtual="/leo.html" -->

Server ikiufikia mstari huo, kabla ya kumtumia msomaji ukurasa, inachomeka yaliyomo kwenye lile faili. Ukibadilisha faili moja, kurasa zote zimebadilika.

Kijana akafurahi kama ameokota dhahabu. Mimi nikacheka mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Mchezo huo niliucheza kabla kijana hajazaliwa, kabla hata hiyo web haijakuwepo, na ukanifikisha kwenye harusi ambayo sijaona nyingine kama hiyo.

Mimi kwetu ni Machakos. Nilishuka pwani kutafuta kazi, nikapanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo, hapo hapo Malindi, na kwa kuwa nilijua kupiga taipu nikaajiriwa hoteli moja ya ufuoni. Jina siweki.

Siku moja mwenye hoteli akaleta kompyuta kutoka Ulaya. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, disketi pana laini ambazo ukizikunja umekwisha. Nikakabidhiwa kitabu chake na kuambiwa kuanzia leo wewe ndiye mtaalamu. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Programu yake ya kuandikia ilikuwa na amri za nukta. Unaandika nukta mwanzo wa mstari, halafu herufi FI, halafu jina la faili. Printa ikifika pale, inakwenda kulichukua faili hilo na kulichapa hapo hapo. Kwenye skrini huoni kitu ila ile amri. Yaliyomo unayaona yakishatoka kwenye karatasi.

Hilo la kutoona kwenye skrini lishikeni, lina kazi huko mbele.

Kila siku tulichapa karatasi za aina kadhaa: menyu, ratiba ya mashua za kwenda kutazama matumbawe, karatasi ya kupitisha chini ya milango ya vyumba, na tangazo la ubao wa wafanyakazi. Zote chini zilikuwa na tarehe, hali ya hewa, na saa za maji kujaa na kupwa. Zamani nilikuwa narudia kuyapiga hayo kila karatasi. Sasa nikatengeneza faili moja, nikaliita LEO, na kila karatasi nikaipa amri ya kulichomeka.

Raha niliyoipata siku ile! Nilimwita kila aliyepita mlangoni aje aone. Mfagiaji alikuja mara mbili kwa huruma.

Faili la LEO nilimwachia Swaleh wa mapokezi. Swaleh alikuwa mtoto wa Mambrui, mpole, shati limepigwa pasi hadi unaogopa kumshika mkono. Mambo ya maji aliyajua tangu utotoni, bamvua lini, maji mafu lini, hakuhitaji kuuliza mtu. Nikamfundisha: kila asubuhi fungua LEO, andika ya leo, hifadhi, basi.

Matangazo ya wafanyakazi yalikuwa na faili lake jingine. Nilimwonyesha pia. Lakini Swaleh wakati huo alikuwa anaoa, na mtu anayeoa ukimfundisha mambo mawili anashika moja.

Harusi ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri. Karamu ya pilau Jumamosi mchana, nyumbani kwa mama yake, Mambrui. Mama huyo, Bi Zena, alikuwa mjane na Swaleh ndiye mwanawe wa pekee.

Alhamisi asubuhi Swaleh akaketi kwenye kompyuta kutualika wafanyakazi wenzake. Akafungua LEO. Baadaye alinieleza kwa uso mkavu kabisa: "Mwaliko natoa leo. Sasa ungetaka niuandike wapi?"

Akaandika kwa moyo mmoja, kipwani. Kwamba nyote mnaalikwa, mje na watoto, aliyesoma amwambie asiyesoma, na asiyekuja atakuwa ametuvunja moyo. Na kwa kuwa meneja alitaka kila tangazo liwe kwa Kiswahili na Kiingereza, akaandika na Kiingereza chake, tena safi.

Akachapa karatasi ya ubao. Ikatoka vizuri. Akaibandika, akaaga, akaenda zake Mambrui kuoa.

Mimi siku hiyo nilikuwa Mombasa kufuata utepe wa printa. Kurudi, foleni ya feri pale Mnarani ikanikalisha, nikala korosho mpaka taya zikachoka. Huku nyuma hotelini, binti aliyeshika zamu ya mapokezi akachapa karatasi zote za wageni kama desturi, kwenye skrini haoni ila ile amri, akazisambaza bila kuzisoma.

Nilipoingia hotelini jioni, mama mmoja wa Kiitaliano akanidaka kwenye ngazi. Ana furaha machoni. Ananiuliza kwenye harusi avae nini.

Nikamuuliza harusi gani.

Akanionyesha menyu. Supu ya samaki, kuku wa kuchoma, matunda, na chini yake: nyote mnaalikwa, mje na watoto.

Wakuu, nikakimbilia mapokezi kuangalia karatasi nyingine. Nikatazama ratiba ya mashua: nyote mnaalikwa. Karatasi za vyumbani: asiyekuja atakuwa ametuvunja moyo. Hoteli ilikuwa imejaa, msimu wa wageni, na kote wanazungumza harusi. Wazee wawili wa Kijerumani walikuwa wanabishana kama mtu huvaa tai.

Meneja akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa rangi nyeupe lakini jioni ile alikuwa mwekundu.

"Futa," akasema. "Chapa upya. Sema familia imeahirisha."

Na ukweli ni kwamba ingewezekana kwa dakika chache. Hapo ndipo utamu wa include: nafuta kwenye faili moja, karatasi zote zinatoka safi. Lakini kusema familia imesema neno ambalo haikusema, hilo nililiogopa. Nikamwomba nikawaulize kwanza. Akanipa mpaka adhuhuri ya kesho.

Ijumaa mapema nikawa Mambrui. Swaleh alikuwa amefungiwa chumbani anasingwa, anasuguliwa mwili kwa manukato ya harusi, hata kuonana naye sikuruhusiwa. Nikapelekwa uani kwa Bi Zena. Alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi, na wanawake wenzake wakichambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti. Umekuja mapema, pilau ni kesho."

Nikamweleza. Nilieleza kompyuta, nikaeleza LEO, nikaeleza amri ya nukta. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza ndoto ya mtoto. Mwisho akauliza moja tu.

"Ina maana hao Wazungu wameshaitwa?"

"Wameitwa kwa bahati mbaya, mama. Naweza kufuta sasa hivi, hakuna atakayejua."

Akaacha kukuna.

"Mwanangu, mtu umemwita kwako, ameshakata shauri la kuja, kisha umwambie usije? Ukikutana naye utamtazama kwa jicho gani?"

"Lakini chakula, mama..."

"Chakula umeniachia mimi. Wewe futa huko kwenye mashine. Hapa kwangu hakufutwi mtu."

Sauti ilikuwa thabiti, lakini kabla ya kurudi kwenye nazi nilimwona akizihesabu sufuria kwa macho. Sufuria zilikuwa za jamaa na wenzake Swaleh, hazikuwa za hoteli nzima. Na Mambrui ni mji mdogo. Harusi ya mtoto wa pekee ikiishiwa pilau, mama angeishi na jina hilo mpaka kaburini. Niliondoka pale nimejawa na huzuni, namuonea huruma.

Nikampa meneja jibu. Kabla hajapasuka, mpishi mkuu, Katana, Mgiriama wa Gede aliyekuwa mlangoni, akaingilia.

"Bwana meneja, mimi hiyo kesho mchana nitampikia nani? Viti? Wageni wote watakuwa Mambrui. Basi chakula chao kiwafuate."

Meneja akakaa kitini. Akahesabu kichwani. Nadhani ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Katana akaenda mwenyewe kwa Bi Zena jioni ile. Jibu lilirudi hivi: "Mchele karibu, samaki karibu, wapishi karibu sana. Nyama hapana, nyama huchinjwa hapa kwangu."

Jumamosi basi la hoteli na lori la mizigo yakavuka daraja la Sabaki. Nilikuwa mbele kwenye lori, roho juu juu.

Wanaume wakaketi mikekani nje, wanawake wakaingizwa ndani. Wazungu waliokuja na wake zao walishtuka kidogo kutenganishwa, lakini sinia lilipotua katikati yao, wakala kwa mikono, mchuzi hadi kwenye viwiko, hakuna aliyemuulizia mkewe. Yule mama wa Kiitaliano alipochungulia mlangoni alikuwa kwenye leso, hina mikononi, na hakutaka kutoka tena.

Halafu nikaona lile nililokuwa naliogopa.

Watu wa Mambrui nao walikuja kuliko ilivyotarajiwa, maana nani atakosa kuona Wazungu wakila pilau kwa Bi Zena? Katana akanijia taratibu. "Sufuria ya mwisho naona chini," akaninong'oneza. Mikeka miwili ilikuwa bado haijapata sinia. Bi Zena alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, ameshika upawa, anaitazama ile mikeka.

Hapo mlango wa nyumba ya jirani ukafunguka.

Akatoka mwanamke na sinia kichwani, linafuka moshi. Biriani. Halafu mlango wa pili, wali wa nazi na samaki. Wa tatu, mahamri na kachumbari. Nyumba za mtaa mzima zilikuwa zimepika kimya kimya tangu asubuhi, kila moja kwake, bila kuombwa, zikangoja wakati wa kuandaa. Mikeka yote ikajaa. Chakula kikabaki, watoto wakarudi na masahani nyumbani.

Bi Zena aliketi chini pale pale mlangoni akalia kwa furaha, upawa bado mkononi. Vigelegele vilivyopigwa sijavisikia tena. Nami nililia, na sioni aibu kusema.

Swaleh alipotolewa nje kusalimia wageni, akaona Wazungu, akaona basi, akaona meneja ana pilau ndevuni. Akanigeukia. "Mutisya ndugu yangu, hawa wote umewaita wewe?"

Nikamwambia hapana bwana arusi, ni wewe.

Basi wakuu, somo langu la kiufundi ni dogo. Include ni tamu, lakini faili linalochomekwa kila mahali lisishikwe na mtu ambaye mawazo yake yako kwingine. Na kabla ya kuchapisha fungua ukurasa wenyewe uone ulivyotoka, usiamini ile amri peke yake.

Somo la pili nililipata miaka mingi baadaye. Swaleh na mkewe walifungua nyumba ndogo ya wageni Mambrui, nikawatengenezea website. Kurasa za shtml, na kila ukurasa chini una include ya faili moja la saa za maji na hali ya hewa. Nikaketi na Swaleh, mvi kichwani, nikamfundisha upya: hapa andika ya leo, hifadhi, basi.

Kesho yake nikafungua ile website. Chini ya saa za maji kulikuwa na mstari mpya: Karibuni nyote chakula cha mchana, mje na watoto.

Nikampigia simu. "Swaleh, umerudia tena! Hiyo imetokea kurasa zote."

"Zote kabisa?"

"Zote."

"Basi iache. Mama angetaka hivyo."

Mpaka leo ipo. Faili lenyewe nilibadilisha jina, siku hizi linaitwa zena.html.

Haya, uwanja wenu. Mwenye kisa cha faili lililotokea mahali lisipoitwa akimwage hapa chini, na kama kuna aliyekula pilau ile, ajitokeze tumjue.