Nilivyofunga Kompyuta za Ofisi Zikaniumbua Nkowe

Jamani, hii mimi sipendi kuisimulia, na nisingeisimulia kama mke wangu asingeanza kuisimulia yeye kwa kuongeza chumvi, kwa hiyo bora muisikie kwangu mimi niliyeaibika kuliko kwake ambaye siku hiyo alikuwa Bukoba anakunywa chai. Ukifika Nkowe hadi leo ukamuulizia Deo, watakutazama tu. Ulizia Kero Saba, watacheka kwanza, halafu watakuhadithia. Basi Kero Saba ndiye mimi.

Nilipangiwa kazi Nachingwea miaka ile ya elfu mbili na kitu, cheti cha kompyuta bado kinanukia wino, kwenye ofisi moja ya kilimo iliyohudumia Nachingwea yenyewe na Ruangwa (jina la ofisi niachieni, aibu ni yangu). Kompyuta zilikuwa kumi na kitu, zimeunganishwa kwa nyaya kwenye seva moja, yaani kompyuta mama, iliyokaa chumbani kwangu pale ofisini, na mimi nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio, maana yake meneja wetu, Mzee Lipwata, ndiye wa kuamua nithibitishwe kazini au nirudi kwetu Muleba na begi langu. Na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa imening'inia, kwa sababu baba yake Jenerosa, mchumba wangu, alishatamka mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba binti yake haendi kwa mtu wa majaribio. Nikithibitishwa, harusi, nisipothibitishwa, tusisumbuane.

Sasa ile ofisi. Ee Mungu wangu! Dada Somoe, sekretari wetu, hakutulia mpaka aweke kwenye kioo picha ya harusi ya mdogo wake, azigeuze herufi ziwe za rangi ya waridi, halafu aniite, "Kaka Deo, mbona maandishi hayaonekani?" Dereva wetu Hamisi, ambaye hata kazi ya kompyuta hakuwa nayo, aliweka sauti ya jogoo kwenye mashine ya mapokezi, ikawa kila ikiwashwa inawika na wageni wanainama kutazama chini ya meza. Mhasibu aliuhamisha ule mstari wa vitufe ulio chini ya kioo akaupeleka juu, akasahau aliufikishaje huko, akanijia mbio kwamba kompyuta imepinduka. Na kuna mmoja alifuta printa kwenye orodha ya kompyuta yake. Alifuta printa! Nikamuuliza kwa nini, akasema alikuwa anasafisha. Siku nzima mimi ni kupita chumba hadi chumba kurudisha vitu mahali pake, na kazi zangu zimelala.

Lakini seva ina kitu kinaitwa sera za mtandao. Unakaa kwenye seva unaandika mara moja tu kwamba mtumiaji haruhusiwi kugusa hiki wala kile, na kila kompyuta ikiunganishwa inachukua hizo amri na kuzitii, mwenyewe apende asipende. Basi nikafunga. Nikafunga picha, rangi, sauti, saa, printa, na ule mstari wa mhasibu nikaupigilia chini, halafu nikaamuru paswedi ibadilishwe kila mwezi, iwe na herufi kubwa, alama na tarakimu. Mtu akijaribu kugusa kitu kinamtokea kibao kumwambia hairuhusiwi, wasiliana na msimamizi wa mfumo. Msimamizi wa mfumo ni mimi, na sitawaficha, nilikuwa naona raha.

"Kaka Deo, hata picha tu?" Dada Somoe alinilalamikia. "Kompyuta imekuwa jela hii." Hamisi naye akasema hawa watu wa Bukoba ukiwapa ufunguo watafunga hata mvua.

Mzee Lipwata mwenyewe alikuja chumbani kwangu, taratibu, mikono nyuma, akasema, "Deo mwanangu, hii ya paswedi kila mwezi inanitesa. Mimi niondoe." Na mimi, mtu wa majaribio, mtu mwenye mchumba anayesubiri, nikamjibu meneja wangu, "Mzee, sheria ni msumeno." Akaniangalia kidogo, akasema haya, akatoka. Nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Miezi ikaenda hivyo. Halafu Alhamisi moja nikapita mapokezi nikakuta watu wanne wamezunguka kompyuta ya Dada Somoe, hakuna anayefanya lolote, wanapiga soga huku jina la ofisi linatembea kwenye kioo (nilikuwa nimeweka kwamba kompyuta ikipumzika jina la ofisi lipite pite). Nikauliza kulikoni. Wakasema, tena bila haya, "Tunakusubiri wewe uje utufungulie." Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikarudi kwenye seva, nikafuta jina la ofisi, nikaandika kwa herufi nyekundu: WEWE ULIYEKAA HAPA BILA KAZI, UMEKUJA KUFANYA NINI? INUKA UENDE. Nikaamuru yaanze kupita kompyuta isipoguswa dakika mbili tu, na ukitaka kuendelea uweke paswedi. Nilikusudia yakae mpaka jioni, wasome, waone aibu, niyaondoe, yaishe.

Mchana umeme ukakatika (Nachingwea ya wakati ule, ungekatika lini kama si hapo?) na haukurudi mpaka tukafunga ofisi. Ila kabla haujakatika, Mzee Lipwata alikuwa ameunganisha laptopu yake kwenye mtandao kuchukua picha za mikorosho kwa ajili ya safari ya kesho yake. Laptopu ikachukua picha. Ikachukua na amri zangu, akaifunga, akaitia kwenye mkoba.

Safari yenyewe ilikuwa ya Nkowe, kule Ruangwa, na ndiyo iliyokuwa mtihani wangu. Tulikuwa tunakwenda kuwaonyesha wakulima jinsi mashamba yao yatakavyoingizwa kwenye kompyuta, wao wenyewe walikuwa na wasiwasi na hizo kompyuta, na mzee alishaniambia kwa mdomo wake, "Nkowe ikienda vizuri, nikirudi nasaini fomu yako." Usiku ule nilimpigia Jenerosa nikamwambia aanze kuulizia gauni.

Darasa la shule tulilopewa kijijini lilijaa. Ulikuwa msimu wa kuokota korosho, watu wameacha kazi, wengine wametoka mbali kwa baiskeli. Tukatundika shuka jeupe ukutani kwa misumari, akina mama wakatuazima kanga tukaziba madirisha ili giza liingie, jenereta inanguruma nje, na kwa sababu ya hiyo kelele tuliazima kipaza sauti na spika la kwaya. Mzee Lipwata akanitambulisha. "Huyu ni kijana wetu Deo, mtaalamu, hizi kompyuta zote ni yeye." Nikapunga mkono kama mgombea.

Tatizo ni kwamba Mzee Lipwata hana salamu fupi. Alianza na mwenyekiti wa kijiji, akaja kwa wazee, akaja kwa akina mama, akaulizia mvua, akatoa pole za misiba, na nyuma yake ukutani ile picha nzuri ya mkorosho ikazimika, shuka likawa jeusi, na maandishi mekundu makubwa yakaanza kutoka upande mmoja kwenda wa pili, taratibu, ili kila mtu apate nafasi ya kusoma.

Mstari wa mbele alikaa Mzee Selemani, mkulima wa siku nyingi pale. Akayasoma kwa sauti, neno moja moja, kwa ajili ya wasiojua kusoma, halafu akageuka akawaeleza bibi wawili kwa Kimwera. Bibi wale wakaguna. Kisha akasimama.

"Meneja, ninyi ndio mmetuita. Korosho ziko chini huko shambani, tumeziacha. Halafu mnatuandikia ukutani tumekuja kufanya nini?"

Mzee Lipwata akageuka, akasoma, akaniangalia mimi. Yale macho sijayasahau. Akaja akaandika paswedi yake mwenyewe kwa kidole kimoja, akaomba radhi, akasema ni hitilafu ya mashine. Mimi nikarukia laptopu niyafute yale maandishi. Kibao kikatokea: hairuhusiwi, wasiliana na msimamizi wa mfumo. Msimamizi wa mfumo alikuwa amekaa palepale, jasho linamtoka mgongoni! Kuingia kwa jina langu haiwezekani, laptopu ile haijawahi kuniona, inataka kwanza kuiuliza seva, na seva iko Nachingwea, chumbani kwangu, ufunguo uko mfukoni mwangu. Kulikuwa na njia moja tu ya mlango wa nyuma kwenye kila mashine, na hiyo nilikuwa nimeshaiziba mwenyewe, nikajisifu.

Kilichobaki ni kutikisa mausi isifike dakika mbili. Basi nikakaa natikisa mausi kama mtu anayechekecha unga, mambo yakatulia, watu wakaanza hata kuuliza maswali, na mimi nikaanza kuliona tena lile gauni. Ndipo msumari mmoja ukachomoka, shuka likaning'inia upande. Mzee akasema, akiwa katikati ya watu na kipaza sauti chake, "Deo, shika shuka hilo." Ningemwambia nini, kwamba natikisa? Nikaenda nikashika pembe ya shuka, mikono juu, nimevaa shati jeupe nililonunua kwa ajili ya siku ile, nikaanza kuhesabu moyoni, na nilipotaka kurudi mzee akasema, "Shika vizuri, watu hawaoni." Yakaja. Safari hii yalianzia ukutani yakapita juu ya kifua changu, mekundu, UMEKUJA KUFANYA NINI, yakaendelea.

Sasa watu wakachukia kweli. Mama mmoja akainuka akaenda dirishani, "Nipeni kanga yangu niondoke," akaivuta, jua likaingia, na mwingine naye akafuata ya kwake. Mwenyekiti anaomba utulivu, hakuna anayemsikia. Nikakimbilia laptopu. Inadai paswedi.

"Mzee, paswedi!"

"Andika."

"Siijui, mzee."

Akasita. Mimi nikashangaa anasita nini wakati kijiji kinatoka. Akanijia, akainama sikioni kwangu, akanong'ona, na kipaza sauti cha kwaya kiko mkononi mwake, kimewaka, kimemgusa kidevu.

"Deo. D kubwa. Kistari. Kero. K kubwa. Halafu saba."

Spika likayatoa yote hayo mpaka nje kwenye jenereta.

Mimi vidole viko juu ya herufi, nikaelewa polepole: kila mwezi nilipomlazimisha meneja wangu abadilishe paswedi, yeye alibadilisha namba tu. Alianza na Deo-Kero moja. Miezi saba mtu huyu alikuwa akiwasha kompyuta asubuhi kwa kuandika kwamba mimi ni kero, na mimi napita koridoni namsalimia shikamoo.

Mzee Selemani ndiye aliyeuliza wa kwanza. "Huyo Deo si ndiye huyu uliyetuambia mtaalamu?"

Mzee Lipwata hakujua aweke wapi uso. "Ndiye."

"Na haya maandishi ni yeye?"

Nikasema mwenyewe, maana ningefanyaje. "Ni mimi, mzee. Niliwaandikia watu wa ofisini."

Mzee Selemani akakaa. "Basi kumbe hata meneja anateseka. Mama Salima, rudisha kanga hiyo, huyu mtu hakututukana sisi, huyu ndivyo alivyo." Darasa likaangua kicheko, akina mama wanapigana mabega, bibi mmoja anajifuta machozi, na waliokuwa wameshatoka wakarudi kuja kuniangalia. Kanga zikarudi madirishani. Mkutano ukaendelea mpaka mwisho, tena vizuri kuliko tulivyotarajia, mimi natikisa mausi, na kila nikipumzika kidogo kuna sauti inatoka nyuma, "Kero Saba, tikisa!"

Kurudi Nachingwea Hamisi alikuwa anacheka peke yake kwenye usukani kila tukiruka tuta. Tulipokaribia mjini Mzee Lipwata akasema, "Deo, fomu yako ilikuwa mezani kwangu."

"Ilikuwa, mzee?"

"Ipo. Itakaa miezi sita mingine." Halafu akaongeza, "Sheria ni msumeno, mwanangu."

Jioni nikampigia Jenerosa. Alinisikiliza mpaka mwisho (ile ya paswedi ya mzee niliiruka), akauliza, "Kwa hiyo nikamwambie baba harusi imeahirishwa kwa sababu umewaandikia watu wainuke waende?" Iliniuma, sana, na iliniuma zaidi kwamba hakuna wa kumlaumu.

Nikafungua. Dada Somoe akarudisha harusi ya mdogo wake, jogoo akawika, mhasibu akapindua mashine yake kwa amani. Nilibakiza printa na paswedi ya kila mwezi tu, hizo sikuweza kuzilegeza. Na siku hizi, kabla sijamfungia mtu chochote, nakaa kwanza kwenye kiti chake, naingia kwa jina lake, najaribu mwenyewe, halafu namuuliza. Kuandika maneno yapite kwenye kioo nimeapa, hata ya kheri, hata ya sikukuu.

Miezi sita ilipita, mzee akasaini, baba mkwe akakubali, nikaoa Bukoba, na nilipomleta Jenerosa Nachingwea wenzangu wakatufanyia sherehe. Mzee Lipwata alisimama mahali pa baba yangu. Akaomba kipaza sauti, akawasalimia wote mmoja mmoja kama kawaida yake, akatuombea kwa Mungu, akamsifu bi harusi, kisha akanigeukia, uso mkavu kabisa.

"Deo mwanangu, hongera. Mimi sasa niko kumi na tano."

Watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Jenerosa akaniinamia sikioni, akauliza, "Kumi na tano ya nini?" Na mimi, mjinga wa mwisho, badala ya kusema sijui, nikamwambia.